Sakafu ya Pijo Nyeupe

Chraaa. Kimya kidogo. Halafu tena, chraaa.

Stima zilikuwa zimepotea tangu saa moja jioni, na ndani ya giza la chumba kile cha kupanga kule Lurambi hakikusikika kitu kingine ila karatasi zikichanwa. Navalayo alisimama kando ya meza akipapasa kutafuta kibiriti, akajikuta anatabasamu peke yake. Aliijua mikono iliyokuwa ikichana. Jozi moja kubwa, yenye kovu la moto kwenye kidole gumba. Jozi nyingine ndogo, ambayo juma lililopita tu ilikuwa imejifunza kufunga kamba za viatu.

"Nyumba yangu imeingia panya," akasema.

Mitchel akacheka hadi akapaliwa. "Panya mkubwa ni Anko Philemon! Mimi ni yule mdogo."

"Panya mkubwa ana kazi," Philemon alijibu kutoka mkekani. "Mama Mitchel, haya magazeti hayatoshi. Ile gari ya Pijo ina vioo sita, vyote vinataka kufunikwa kabla sijapiga rangi kesho. Rangi ikiruka kwa kioo hata tone moja, yule Griffin atanianika mbele ya Kenya nzima."

"Mengine yako juu ya kabati. Mitchel, mpelekee anko wako. Na usiguse karatasi zangu za masomo ya gumbaru, unasikia?"

"Nasikia, Mama."

Miguu midogo ikatambaa gizani, kiti kikaburutwa, rundo likaanguka pu! na chraaa ikaanza upya.

"Na ile insha yako?" Philemon akauliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka, ile sauti aliyoiweka kwa ajili yake tu. "Mwalimu Erastus amesharudisha?"

"Amerudisha."

"Uliandika juu ya nani?"

"Juu ya mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu tu. Utaisoma siku tukifunga ndoa."

"Basi nitaisoma hivi karibuni," akasema Philemon. Navalayo akashukuru kwamba hakuna taa, maana alihisi uso wake umepata moto.

Alipopata kibiriti na kuwasha koroboi, Mitchel alikuwa tayari amekwapua kipande cha gazeti na kukisogeza penye mwanga. Tangu aingie darasa la kwanza mtoto huyo alikuwa anasoma kila kilichopita mbele yake: debe la mafuta ya taa, ubavu wa lori, kanga ya jirani ikiwa bado kiunoni mwa jirani.

"Be-i ya mi-wa... Bei ya miwa yapanda!"

"Mwambie nyanya yako wa Shianda, atafurahi," Philemon akasema, na wote watatu wakacheka.

Kulikuwa na sababu ya furaha. Watu wa Kakamega walikuwa wameanza kukiita kipindi kile cha televisheni "chetu" hata kabla hakijafika kwao. *Mkweche wa Jana* kilionyeshwa kila Jumapili baada ya taarifa ya habari, na mwenye televisheni yoyote mtaani alilazimika kuvumilia wageni hadi dirishani. Griffin, mtangazaji wake, alikuwa akizunguka mashambani akitafuta gari la zamani lililotupwa, anampa fundi wa mji ule siku tisa kulifufua, kisha siku ya mwisho analiuza mbele ya kamera kwa mtu aliyeandika barua nzuri kuliko wengine wote. Safari hii gari lilikuwa Pijo 404 iliyookotwa Chekalini, miaka minane imesimama nyuma ya ghala ikinyeshewa. Fundi alikuwa Philemon.

"Keshokutwa mchana wanapiga picha ya mwisho," Philemon akasema akifunga magazeti kwa kamba. "Na kuna jambo. Griffin anatakanga mwanamke wa nyumbani kwa fundi ndiye amkabidhi mnunuzi ufunguo. Anasema watazamaji wanapenda. Nikamwambia mimi ninaye."

"Mimi? Kwenye tivii?"

"Wewe. Halafu Jumamosi ile nyingine, baba zangu wadogo wanakuja kwa mama yako. Safari hii hatawafukuza."

Alimgusa shavu alipokuwa akiondoka. Mkono wake ulinuka petroli na sabuni ya kipande, na Navalayo aliishika ile harufu puani mpaka usingizi ulipomchukua, kwa sababu kwake hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mtu wa kweli.

Hilo hakulichukulia mchezo. Miaka saba nyuma, kijana wa kupima miwa alimwacha Shianda na mimba na ahadi ya kurudi Jumatatu, na Jumatatu ile haijafika mpaka leo. Shule ikamkatikia kidato cha pili. Alikuja mjini, akafua nguo za watu, akajiandikisha gumbaru, madarasa ya jioni, akapanga kurudia alichopoteza. Siku moja alimpelekea fundi jiko lake la mkaa lililooza kitako. Fundi aliligeuza, akaligonga mara mbili, akasema, "Dada, hili limekufa. Nikilitengeneza nitakuwa nimekuibia." Akamrudishia. Navalayo alitembea hadi nyumbani na jiko bovu kichwani, akiwa ameshapenda.

Na mama yake, Jael, miaka miwili mizima alikuwa amekataa. "Mtu wa kulala chini ya magari ya watu! Mwanangu nimpe mtu anayenuka kama taa?" Lakini tangu habari za televisheni zifike Shianda, Philemon alikuwa amegeuka "mkwe wangu yule wa runinga".

*

Jumamosi, Navalayo aliamka kabla ya jogoo, akachinja kuku, akasonga obusuma, ugali laini kama anavyopenda Philemon, akafunga vyote ndani ya kitambaa. Saa tano alikuwa anakata kona kuingia mabanda ya jua kali nyuma ya soko.

Pijo ilimsimamisha.

Ilikuwa nyeupe, nyeupe ya maziwa yaliyotoka kukamuliwa, na vyuma vyake vya mbele viling'aa hadi alijiona ndani yake, mwanamke mwembamba mwenye gauni la maua na bakuli mkononi. Siku tisa tu nyuma alikuwa ameliona gari hilihili likishushwa kwenye lori, taa moja imening'inia kama jicho lililotobolewa. Alitaka kulia. Mikono ya mtu wake ilikuwa imefanya haya.

Akazunguka upande wa pili akimtafuta, na harufu ikamlaki kabla hajamwona. Haikuwa petroli wala rangi. Ilikuwa tamu, tamu ya kuchefua, kama ndizi zilizosahaulika ndani ya mfuko wa plastiki. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, kiti kimetolewa, kapeti la kijani limekunjwa pembeni. Philemon alikuwa amepiga magoti, anapakaza kitu cha kijivu sakafuni kwa kipande cha bati, haraka haraka, kama mtu anayepaka siagi akiwa amechelewa kazini.

"Hii ni nini?"

Philemon alishtuka hadi akagonga kichwa kwenye mlango. "Umekuja mapema!"

"Nimekuuliza, hii ni nini?"

"Ni fila tu. Dawa ya kuzibia bodi. Kila fundi anatumia."

"Inaziba nini?"

Navalayo aliweka bakuli chini, akainama. Sehemu moja ilikuwa haijapakazwa bado. Palikuwa na shimo la kutosha kupitisha mguu wa mtoto. Kingo zake zilikuwa za rangi ya kahawia, zinamomonyoka kama keki. Ndani ya shimo hilo kulikuwa kumejazwa magazeti, yamekunjwakunjwa na kukandamizwa kwa ngumi. *Bei ya miwa.* Alikisoma kichwa kile kile alichokisoma mwanawe. Kando ya karatasi palikuwa na mavi ya panya ambayo hakuna aliyejisumbua kuyafagia, na jongoo mmoja alikuwa akitembea polepole kuingia chini ya fila mbichi.

Akainuka, akamtazama.

"Ulisema ni ya kufunika vioo."

"Nilifunika vioo! Yaliyobaki ndiyo..." Philemon alitazama nyuma, akashusha sauti. "Sikiliza, Nava. Sakafu yote ya nyuma imeliwa na kutu. Kuikata na kuchomelea bati jipya kunataka wiki mbili. Nilimwambia Griffin siku ya kwanza. Akanicheka. Akasema kamera haiingii chini ya gari."

"Na wewe ukasema nini?"

"Ningesema nini? Kuna mafundi ishirini nje hapo wanangoja nikatae! Injini nimeifungua yote, nati kwa nati. Breki ni mpya. Hiyo injini itafika Mombasa na kurudi."

"Na atakayeketi nyuma?"

Philemon akarudisha macho kwenye kipande chake cha bati.

"Philemon, nimekuuliza. Atakayeketi hapa nyuma atafika wapi?"

"Fila ikikauka ni ngumu kama jiwe."

"Juu ya gazeti?"

Alipangusa paji la uso kwa kiganja, akaacha mchirizi wa kijivu. "Wote wanafanya hivi. Hujui tu. Yale magari yote unayopigia makofi Jumapili, unafikiri yana nini chini? Griffin ameniahidi, hii ikipita, kila gari la upande huu ni langu. Nitakuwa na karakana yenye ukuta. Nafanya haya kwa ajili yako na Mitchel."

"Usinitie ndani ya hilo shimo," Navalayo akasema.

"Ni mama yako aliyesema mimi si mtu! Sasa nakuwa mtu, wewe unanusa sakafu!"

"Jiko langu ulikataa kulitengeneza."

Philemon akainua uso. Wakatazamana. Macho yake yalikuwa yale yale, makubwa, yenye kope ndefu kama za ndama, na Navalayo alishangaa kwamba mtu anaweza kubaki na macho yale yale.

Kisha, kwa sababu hakujua la kufanya na mikono yake, Philemon akafungua bakuli. Akachukua paja la kuku. Vidole vyake vilikuwa na fila hadi kwenye kucha, na alipong'ata, alama ya kijivu ilibaki kwenye nyama, na Navalayo akaiona ikiingia mdomoni pamoja na mchuzi. Aligeuza uso. Kuku wake mwenyewe, aliyemlea kutoka kifaranga, sasa hakutaka hata kumnusa.

"Mwambie," akasema akiwa amempa mgongo. "Mwambie Griffin kabla mnunuzi hajafika. Mwambie unataka wiki mbili zaidi."

"Nitamwambia."

"Apa."

"Nimesema nitamwambia, Nava." Akasogea, akanyoosha mkono amguse shavu, kama juzi. Navalayo alirudi nyuma kabla mwili haujaomba ruhusa kwa moyo. Kidole kilimfikia kidogo tu. Alitoka bandani akijipangusa kwa upindo wa leso mpaka ngozi ikawaka.

*

Mama Jael alifika saa saba, amevaa gauni la kanisa na kofia nyeupe ya siku za Pasaka, amemshika Mitchel mkono. Nyuma yake nusu ya mtaa.

"Mbona uko hivyo, mwana wanje?" akauliza. "Umenuna kama mtu wa matanga. Leo ni siku yako!"

"Mama, simtaki tena."

"Nani?"

"Philemon."

Mama Jael alimvuta kando hadi kofia ikaenda upande. "Wewe Navalayo, una wazimu? Miaka miwili umelia kwa jikoni yangu, Philemon, Philemon, mpaka mboga zikaungua. Nilipomkataa ukaninunia. Sasa nimemkubali, nimeshaambia akina mama wote wa kwaya, ndio wewe unakataa?"

"Gari limeoza chini, Mama. Ameziba na magazeti."

"Na wewe ndiye unaliendesha?"

"Mama!"

"Nakuuliza tu! Mimi nikipaka nyumba udongo, siyo kuficha nyufa? Wanaume wanaficha mambo makubwa kuliko sakafu. Babako, Mungu amrehemu, alificha mke mzima kule Khwisero. Nyamaza, toa ufunguo, uolewe."

Navalayo alimtazama mama yake, yule aliyekataa fundi maskini mkweli na sasa anamtaka fundi maarufu muongo. Kinyaa kile cha asubuhi kikamrudia. Alitazama ng'ambo, ambapo Philemon alikuwa ananong'ona na Griffin. *Anamwambia,* akawaza. *Mungu wangu, anamwambia.* Na moyo wake, mpumbavu kama mioyo yote, ukaruka.

Griffin alicheka, akampiga Philemon begani. Alikuwa mtu wa miwani nyeusi na marashi mazito, na alipokuja upande wa Navalayo alitoa ubani mdomoni akaubandika chini ya kioo cha pembeni cha Pijo, mahali ambapo rangi ilikuwa bado changa.

"Wewe ndiye Nava? Wah, fundi hakudanganya, msupa kweli. Sikiza, dada. Ukitoa ufunguo, unatabasamu, unasema 'safari njema'. Maneno mawili tu. Poa?"

"Fundi amekuambia nini sasa hivi?"

"Fundi?" Griffin akainua nyusi. "Ameuliza kama shati yake iko sawa."

Ufunguo ukawekwa kiganjani mwake. Ulikuwa baridi.

Na hapo ndipo mnunuzi alipotokea. Umati ulipasuka, na akapita mzee mrefu aliyevaa koti la kahawia lililopigwa pasi hadi viwiko vikang'aa, amemshika mkono mama mnene aliyetembea kwa shida, miguu yake imevimba hadi viatu vimekatwa nyuma. Mbele yao walikimbia watoto wawili wenye sare za shule, ingawa ilikuwa Jumamosi.

"Mwalimu!" Navalayo akasema bila kukusudia.

"Aa, mwanafunzi wangu!" Uso wa Mwalimu Erastus ulifunguka. "Kumbe ni wewe utakayenipa? Basi nimebarikiwa mara mbili. Mama Sellah, huyu ndiye yule niliyekusomea insha yake."

Mama Sellah aliushika mkono wa Navalayo kwa mikono yote miwili. "Mulembe, binti yangu. Nililia, unajua? Nilimwambia mzee, mwanamke anayependa namna hiyo, nataka kumwona huyo mtu wake."

Navalayo akaukaza ufunguo kiganjani.

"Niliandika barua mara nne mpaka nikaridhika," Mwalimu aliendelea, akigusa mlango wa gari kwa ncha za vidole kama mtu anayegusa shavu la mtoto aliyelala. "Nilijiambia, nikistaafu Sellah hatapanda tena baiskeli kwenda kliniki. Yeye atakaa mbele na mimi. Wajukuu hawa hawana mwingine wa kuwalea. Watakaa nyuma."

Watakaa nyuma. Na kabla hajamaliza kusema, walikuwa wameshaingia, wanarukaruka mbele ya kiti, viatu vyao vinapiga kapeti la kijani, du, du, du.

"Wacha, wacha, hiyo ni safi sana!" Griffin akapiga kelele. "Kamera! Watoto waruke! Fundi, njoo hapa karibu na mzee. Moja, mbili..."

Philemon akaja. Shati lake lilikuwa jeupe kama gari. Alimtazama Navalayo, na katika mtazamo ule mlikuwa na kila kitu, ombi, na mapenzi, na Jumamosi ijayo. Navalayo hakupepesa. Alimtazama kwa nguvu zote alizokuwa nazo, akimsukuma kwa macho. *Sema. Sema wewe. Usiniachie mimi.*

"Mzee wetu," Griffin akaiambia kamera kwa sauti ya asali, "kabla hujachukua ufunguo una swali kwa fundi?"

Mwalimu aligeuka. "Ni moja tu, kijana wangu. Mimi sijui magari, najua watoto. Hapa chini pako imara?"

Du, du, du, viatu viliendelea.

"Pako imara, Mwalimu," Philemon akasema. "Nimepachomelea mwenyewe."

Alisema bila kugugumia. Alisema kwa sauti ile ile ya chini na ya upole ambayo Navalayo alidhani ni yake peke yake.

Na kitu ndani yake, ambacho kilikuwa kimening'inia tangu asubuhi kwa uzi mmoja, kikakatika. Hakuhisi hasira. Alihisi kile ambacho mtu huhisi akifunua chungu cha mboga za jana na kukuta funza: hamu ya kuweka mkono mdomoni na kutoka nje.

"Watoto," akasema. "Shukeni."

"Dada, bado! Tabasamu kwanza..."

"Shukeni, wanangu. Polepole. Shika hapa." Aliwapokea mmoja mmoja, akawaweka kando ya nyanya yao. Kisha akachukua bisibisi kwenye sanduku la Philemon, akapiga magoti na gauni lake la maua palepale kwenye vumbi la mafuta, akalivuta kapeti.

"Nava," Philemon akasema. "Nava, tafadhali."

Fila ilikuwa imekauka juu tu. Bisibisi ilizama bila kusukumwa, kama inaingia kwenye parachichi. Akachokoa mara moja, na bonge likaanguka chini kwenye udongo. Kupitia tundu lile kila mtu aliona ardhi. Harufu ya ndizi mbovu ikapanda, na Mama Sellah akaziba pua kwa leso.

"Kata! Zima hiyo kitu!" Griffin alikuwa akipunga mikono. "Nani ameleta huyu mwanamke?"

"Ni mimi niliyemletea magazeti," Navalayo akamwambia Mwalimu. Alikuwa bado kwenye magoti. "Yalitoka juu ya kabati langu. Nilifikiri ni ya vioo. Nisamehe."

Mwalimu Erastus hakumtazama yeye. Alimtazama Philemon kwa muda mrefu, kama anavyomtazama mwanafunzi aliyemkuta na majibu mkononi.

"Kijana," akasema, "nilikuuliza kwa adabu."

Akawashika wajukuu wake, kila mmoja kwa mkono mmoja, akasimama nao mbali na gari.

"Yesu wangu," Mama Jael alinong'ona, kofia mkononi. Hata yeye alikuwa akitazama tundu, na kimo cha wale watoto, na tundu tena.

Navalayo akainuka. Alimfikia Philemon, akauachilia ufunguo uanguke kiganjani mwake kutoka juu, vidole visigusane.

"Ningekungoja na banda la makuti," akamwambia. "Ningekungoja bila ukuta, bila runinga, bila mama yangu. Sasa hata ukinipita njiani, nitasikia hii harufu."

"Nitaitoa yote," Philemon akasema. "Nitakata sakafu nzima, Nava. Leo hii. Hata bila kamera."

"Itoe. Si kwa ajili yangu."

Philemon alipiga magoti pale pale alipokuwa amepiga Navalayo, shati jeupe na yote, akaanza kuchomoa karatasi kwa mikono, bonge baada ya bonge, akizirusha nyuma. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Griffin alikuwa ameshaelekea kwenye gari lake akitukana. Navalayo alisimama akitazama ule mgongo aliokuwa ameupenda, na hakujua kama kinachomchoma machoni ni fila au ni nini.

Hakuna aliyemwangalia Mitchel. Mtoto alikuwa amechutama kwenye rundo, kama kawaida yake, akitafuta herufi. Aliruka magazeti yote. Mkononi alikuwa na karatasi tofauti, ya daftari, yenye mistari, imekunjika na kuchafuka kijivu pembeni. Katikati palikuwa na mwandiko wa kalamu ya buluu, na chini yake *Vizuri sana* ya wino mwekundu.

Mwalimu Erastus akaiona. Navalayo akaiona. Lile rundo lililoanguka gizani, juzi, stima zikiwa zimepotea.

"Mitchel, lete hiyo," akasema haraka. "Mitchel!"

Lakini Mitchel alikuwa ameshaunyoosha ukurasa kwenye goti lake, na aliujua mwandiko wa mama yake kuliko maandishi mengine yote duniani. Kidole chake kilitambaa chini ya mstari wa mwisho, midomo ikijaribu silabi kimyakimya, mpaka alipokuwa na hakika nazo zote. Philemon aliacha kuchomoa. Mtoto akainua uso, akifurahia kwamba leo hakukwama hata mara moja, akasoma kwa sauti ya kuwafikia wote:

"Philemon hawezi kumdanganya mtu."